Mwanga Uliopita Kwenye Leso

Jumatatu, 8 Septemba

Leo tumehamisha mimea mia mbili na arobaini kuipeleka chumba cha giza, na mgongo wangu umeihesabu yote. Mume wangu Shem amenipa daftari hili, moja ya yale yanayogawiwa bure hospitalini kwao, akasema niandike badala ya kuongea peke yangu jikoni. Haya basi, naandika.

Niiseme mara moja, maana karatasi haina mdomo. Mimi Zilpah, mama wa miaka arobaini na saba, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, nalima bangi. Ni bangi halali. Kampuni ina leseni ya serikali, kila mmea una namba, kila jani linalokatwa linapimwa, na mavuno yanakwenda kutengenezwa dawa za watu wenye maumivu na kifafa. Yote hayo nayajua. Lakini nikiwaeleza wanawake wa kanisani watasikia neno moja tu, mengine yatawapita. Kwa hiyo nimewaambia nafanya kazi ya maua. Nilifanya kazi ya maua Naivasha miaka kumi na moja, hakuna aliyeniuliza zaidi. Na tena kinachovunwa ni ua. Nimejiambia hivyo mara nyingi hadi nimechoka kujisikia.

Shem peke yake ndiye anajua.

Jumatano, 10 Septemba

Kwenye basi la kurudi Harborne, hapa Birmingham, kijana mmoja alinusa upande wangu, akanikonyeza. Mimi, na kitambaa changu cha kichwa na mfuko wa sukuma wiki. Nilishuka kituo kimoja kabla na kutembea.

Nieleze hiki chumba, ili nikisoma siku moja nikumbuke. Kiko kwenye jengo la zamani la kiwanda huku Saltley, nyuma ya maduka. Taa zake zinawaka usiku, umeme ukiwa nafuu, zinazimwa saa tatu asubuhi, na mchana wote humo ndani ni giza totoro. Mmea huu hauchanui mpaka upate saa kumi na mbili za giza lisiloguswa, siku baada ya siku. Sisi tunaingia na vitaa vya kijani kichwani, ambavyo mmea hauvijali. Simu zinaachwa kwenye makabati nje. Hata kile kitaa kidogo cha mashine ya hewa, kidogo kama punje ya mtama, kimezibwa kwa utepe mweusi.

Haya si mageni kwangu. Naivasha tulikuwa tunawasha balbu katikati ya usiku, dakika chache tu, na krisanti inasahau kabisa kuchanua, inangoja soko. Nilipomweleza hivyo Gurvinder, meneja wetu, siku ya usaili, aliinuka kwenye kiti akanipa mkono. Ndivyo nilivyopata kazi: kwa kujua mwanga kidogo unafanya nini gizani.

Chumba kina nasaba mbili za bangi. Kushoto ni Namba Nne, iliyonunuliwa Uholanzi, ngumu kama punda na haina maajabu. Kulia ni Nabintu. Hilo ni jina aliloipa Mzee Séverin, na ni jina la mama yake. Karatasi za kampuni zinaiita namba kumi na saba. Mzee Séverin ni mtu wa Bukavu, ana miaka sitini na moja, na kule kwao alikuwa mtafiti wa maharage. Nabintu ameichagua kwa miaka minne, mmea mmoja kati ya mamia, kisha mmoja kati ya watoto wake, hivyo hivyo, mpaka akapata hii ambayo dawa yake ya kifafa inazidi zote. Amebishana na wenye kampuni mwaka mzima ndipo wakampa nusu ya chumba. Huu ndio msimu wake wa kwanza.

Ila ameniambia kasoro yake. "Iko mwororo kidogo, Mama Zilpah. Ukiishitusha, inageuka."

Kugeuka ni hivi. Mimea yetu yote ni ya kike. Ikisumbuliwa giza lake, ile yenye udhaifu huo kwenye damu inaogopa kwamba itakufa bila mtoto, inatoa viungo vya kiume katikati ya ua, vidogo, vya njano, vimepinda. Wazungu wanaviita ndizi. Vikipasuka vinamwaga chavua, chumba kizima kinajaa mbegu, na mavuno hayafai dawa. Namba Nne haina udhaifu huo. Nabintu inao.

Nilipokuwa namsikiliza nilimkumbuka mdogo wangu Lennox, nikatafuta kazi ya kufanya na mikono.

Jumatatu, 15 Septemba

Mvua. Nimefunga kamba mimea hadi vidole vinanuka, na vitanuka mpaka kesho.

Jumatatu, 22 Septemba

Leo tumeanza siku arobaini za maombi. Achieng wa kanisani ndiye ameyapanga, na Achieng akipanga jambo hata malaika wanafika mapema. Ni saa saba mchana kila siku, kwa simu, dakika kumi na tano, wanawake kumi na wanane wa hapa Birmingham na wawili wa Leicester. Tunaombea watu wasio na kazi. Wapo wengi mwaka huu, hasa wale waliokuja kulea wazee na kampuni zao zikafungwa, sasa wanalala kwenye makochi ya watu.

Alitaka nyuso zionekane. Alisema mtu akizima kamera anakuwa anapika.

Nifanyeje? Chumba cha kulia kina redio na wanaume, na nyuma ya kila kiti kuna leseni, bango la usalama na picha ya jani lenyewe, kubwa, haina aibu. Nje ni mvua na Alum Rock Road. Nikapitisha simu chini ya aproni na kuingia chumba cha giza, kwenye kona nyuma ya tangi la maji, ambako kamera ya ulinzi haifiki. Ni pakavu, pana joto, pametulia kuliko kanisani. Nikazima kamera nikasema mtandao ni mbaya.

Jumatano, 24 Septemba

Achieng ameniuliza mbele ya wote kama nina kitu ninachoficha. Alikuwa anatania. Nikawasha kamera. Akasema, "Zilpah, tunaona meno tu. Washa taa kidogo tuone uso wa dada yetu."

Nikawasha kile kimwanga cha simu cha usoni.

Sikuwa mjinga kabisa. Nilikuwa nimekuja na leso, ile ya mama, nyekundu na nyeupe, nikaitundika kutoka kwenye bomba la tangi hadi kwenye ndoano ya ukutani, nikakaa nyuma yake na mgongo kwa ukuta. Niliona imenifunika vizuri. Nyumbani kwetu leso ilitenganisha kitanda cha baba na mama na cha watoto kumi na moja, hakuna aliyeona kitu.

Tuliomba vizuri. Nilimtaja mama na magoti yake. Achieng akauliza kama nina ndugu mwingine wa kuombewa. Nikasema hapana.

Jumanne, 30 Septemba

Siku ya tisa ya maombi. Mmoja wa Leicester amepata kazi ya ghala. Tumeimba, mimi kwa kunong'ona.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mzee Séverin anapita kati ya mistari akiongea na Nabintu kwa Kishi, lugha ya kwao. Ua limeanza kufunga, lina harufu ya ganda la chungwa. Amenionyesha kwa lenzi vile vijitone vinavyong'aa, akasema mwaka ujao mtoto fulani atalala usiku bila kuanguka kwa sababu ya hivi. Hakusema kwa majivuno. Alisema kama mtu anayesoma risiti.

Nimemwonea wivu. Mtu anafanya kazi ile ile ninayofanya mimi, na hanyati nayo barabarani.

Jumatatu, 13 Oktoba

Achieng ametangaza kwamba tarehe tisa Novemba, Jumapili, itakuwa siku ya shukrani, na ushuhuda utatolewa na dada aliyekuja hapa bila kitu na Mungu akampa kazi nzuri ya kudumu, kazi safi ya maua. Wote wakapiga makofi, mikono kumi na tisa midogo kwenye kioo cha simu. Ni mimi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mzee Séverin ameziona asubuhi, kabla taa hazijazimwa. Njano, zimepinda, katikati ya ua safi. Aliniita kwa sauti ya chini kabisa, akaniuliza kama macho yangu yanaona yanachoona yake.

Nikasema ndiyo.

Jumatano, 22 Oktoba

Siku mbili hakuna aliyekaa chini. Tumetoa ndizi kwa kibano, moja moja, kila moja kwenye kikopo cha maji isije ikamwaga chavua. Tukimaliza mstari, nyingine zimetoka nyuma yetu. Gurvinder amekagua milango, tepe, saa ya taa, mapengo ya dari. Alizima kila kitu akasimama katikati ya chumba nusu saa, akingoja macho yazoee, atafute tundu. Hakuna tundu. Tundu lilikuwa mimi, nyuma ya tangi, saa saba mchana, dakika kumi na tano, siku za kazi, na leo halikuingia. Maombi ya leo nimeyafanyia chooni, kamera imezimwa.

Mchana Mzee Séverin alinionyesha karatasi. Alikuwa amechora chumba chote kwa penseli na kutia alama kila mmea uliogeuka. Alama zilikuwa nyingi karibu na tangi, halafu zinapungua, zinapungua, mpaka mlangoni hakuna.

"Angalia, Mama Zilpah. Kama ni damu tu, ingegeuka huku na huku, bila mupango. Hii iko na mupango. Kuko kitu iliisumbua kutoka hii kona."

Nilijua. Niliijua ile karatasi kabla hajamaliza kuifungua. Na mdomo wangu huu huu ukasema, "Labda ni joto la tangi, Mzee."

Alifikiria. Ni mtu wa haki, hata wazo la kijinga analipa nafasi yake. Akasema labda. Akaenda kuchukua kipimajoto, na jioni yote nilimwona amepiga magoti pale nilipokuwa nimekaa mimi, anapima ukuta.

Ijumaa, 24 Oktoba

Leo Gurvinder amegawa fomu kwa wote saba. Swali la tatu: je, umewahi kuingiza chombo chochote chenye mwanga katika chumba hiki wakati wa giza? Ndiyo au hapana, na sahihi.

Mkono wangu ulitia alama kwenye hapana. Sahihi yangu ni ile ya harusi, yenye mkia mrefu. Nimeitazama nikaona ni nzuri.

Nilijipa sababu. Nikasema ni simu tu, ni leso ilikuwepo. Nikasema Namba Nne ilikuwa kona hiyo hiyo, upande wa pili wa tangi, na haukugeuka hata mmoja, basi kosa ni la Nabintu mwenyewe. Hilo ndilo Gurvinder analosema pia: mwanga haukuonekana, nasaba nyingine imesimama, kwa hiyo ni damu. Mzee Séverin alileta damu mbovu.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma leo, kama huku wanavyofanya kila Oktoba. Shem alikuwa kazini. Kanisani nimekaa nyuma.

Jioni niliingia bafuni, ambamo hamna dirisha, nikazima taa, nikaziba chini ya mlango kwa taulo. Nikatundika leso ya mama kwenye kamba ya kuanikia. Nikawasha simu upande mmoja kwa kile kimwanga cha uso, nikazunguka nikakaa upande wa pili, juu ya kifuniko cha choo, nikangoja.

Mwanzo sikuona kitu. Baada ya muda nikaona maua ya leso, mekundu, yanawaka kama dirisha la kanisa. Halafu nikaona mkono wangu. Niliona mistari ya kiganja. Niliona mpaka pete.

Shem aligonga, akauliza kulikoni. Nikamfungulia, akaona leso, simu, na mimi nimekaa pale. Nikamwambia yote. Shem si msemaji. Alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea na viatu vyake vya wodi, akasema, "Mficha uchi hazai, Zilpah. Nenda kesho ukaseme."

Nikamwambia nikisema nitafukuzwa, na nikifukuzwa kwa sababu hiyo kila mtu atajua nilikuwa wapi. Akasema anajua. Akasema pia, na hakuwahi kulisema miaka ishirini na miwili, "Mara ya kwanza nilinyamaza kwa ajili yako. Sitaki kunyamaza mara ya pili."

Alimaanisha Lennox.

Wacha niandike, hata kama mkono hautaki. Lennox ni mdogo wangu, tumefuatana. Akiwa na miaka kumi na tisa walivuta bangi vijana watano nyuma ya kinu cha unga, msokoto mmoja, wakipokezana. Mmoja wao sasa ni mwalimu mkuu. Mmoja ni mchungaji. Wawili wana maduka. Lennox alianza kusikia redio ikimtaja jina, na mpaka leo ni mgonjwa, anaishi na mama. Wengine walisema ni bangi. Wengine walisema ni damu ya upande wa mama, kwa sababu dada wa mama naye aliugua kichwa. Mama amelibeba hilo neno kama mtungi. Na mimi, siku watu wa Shem walipokuja kunichumbia, walipouliza yule kijana anayezunguka uani ni nani, nilisema ni mtoto wa jirani. Lennox alisikia. Alikuwa na sinia ya vikombe mkononi. Alivishusha taratibu, akatoka kwa mlango wa nyuma, asiharibu sherehe yangu.

Kwa hiyo najua kazi yangu. Siku ile niliikana damu ili nipone. Sasa nimeisingizia damu ili nipone. Inategemea tu upande gani unanifaa.

Jumanne, 28 Oktoba

Sikusema jana. Sikusema leo.

Wenye kampuni wameamua. Nabintu yote ing'olewe, pamoja na mmea mama, ule wa kukatia miche, ulioko chumba cha juu, maana hawataki nasaba hiyo tena. Sheria ya leseni inataka kila mmea upimwe, usagwe, na watu wawili watie sahihi. Gurvinder alinichagua mimi niwe shahidi kwa sababu sahihi yangu inasomeka.

Mzee Séverin aling'oa mwenyewe. Alikataa kusaidiwa. Anasoma namba, anaweka kwenye mizani, natia sahihi. Mimea mia na ishirini. Wa mwisho ulikuwa mmea mama. Aliukata shina, akauweka kwenye mizani, na alipotaka kusoma namba akasema jina. Akajisahihisha.

Nilikuwa na nafasi mia na ishirini na moja ya kufungua mdomo.

Ijumaa, 31 Oktoba

Siku ya arobaini. Cheo cha Mzee Séverin kilikuwa kimefungwa kwenye ile nasaba, na nasaba haipo, kwa hiyo wamemwambia asirudi Jumatatu. Barua yake inasema alipendekeza mimea yenye kasoro ya urithi. Aliniaga kwa mikono miwili. Amenipa lenzi yake, akasema macho yangu ni mazuri.

Saa saba Achieng alifunga maombi. Watu sita wamepata kazi katika siku arobaini. Tukashukuru.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimesema.

Niliingia ofisini kwa Gurvinder saa mbili asubuhi, sikukaa. Nilimwambia simu, kona, leso, siku zenyewe kwa tarehe. Nilimwambia fomu yangu ni ya uongo. Aliniacha nimalize. Akauliza ni kwa nini nilihitaji kujificha, si ningetumia ofisi yake, angenipa ufunguo. Sikuwahi hata kumwomba.

Akasema mama yake huko Handsworth naye anafikiri mwanawe anafanya kazi ya nyanya.

Nimefukuzwa, na ni haki. Nilimwambia amrudishe Mzee Séverin. Akasema hana uwezo huo. Mmea haupo, mbegu hazipo, wenye kampuni wameshanunua Namba Nne nyingine kujaza nafasi. Atakachoweza ni kuandika barua ya kusema kulikuwa na mwanga, na Séverin alikuwa ameliona hilo kwenye mchoro wake mapema, na hakusikilizwa. Nilisubiri mpaka akaiandika. Nikaomba nakala yake.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimekwenda kwa Mzee Séverin, Winson Green. Nyumba iko mtaa ambao ukitoka mlangoni unaona ukuta wa jela mwishoni. Alinifungulia akiwa na sweta ya kazini. Alifurahi kuniona, na hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Akanipa kiti chenye mto.

Nikasema nikiwa bado sijavua koti. Barua ya Gurvinder niliiweka mezani, sikuisogeza kwake. Niliweka na lenzi.

Birika likachemka, likajizima. Hakunikemea. Aliondoa miwani, akaipangusa, akairudisha.

"Nilifikiri ni mulango," akasema. "Nilifikiri ni saa ya taa. Nilipima ile joto siku tatu. Sikufikiri ni weye."

Nikasema najua.

"Simu ilikuwa ya nini?"

"Ya maombi, Mzee."

"Mulikuwa munaomba nini?"

Ningetoa chochote nisilijibu swali hilo. "Tulikuwa tunawaombea watu wasio na kazi."

Alienda kumimina chai, akarudi na kikombe kimoja, akakiweka mbele yangu. Yeye hakunywa. Aliisoma barua yote, mara mbili, akaikunja. Akaniambia kitu ambacho nimekirudia kwenye basi njia nzima nisije nikakipoteza. Alisema Nabintu ilikuwa na kasoro yake, tangu mwanzo aliijua, na Namba Nne ilisimama pale pale kwenye mwanga ule ule ikabaki salama. "Damu ilikuwako, na mwanga ilikuwako. Moja peke yake haingefanya kitu. Kwa hiyo usibebe yote, hiyo ni kiburi. Beba yako."

Nikauliza nifanye nini. Sikutarajia ajibu.

"Mu ile maombi, siku arobaini, jina yangu ilitajwa?"

"Hapana."

"Basi mukaitaje."

Hakunisindikiza mlangoni. Lenzi alibaki nayo.

Jumapili, 9 Novemba

Siku ya shukrani. Ukumbi ulijaa, chapati na pilau zimefunikwa kwenye meza za nyuma. Achieng alikuwa amenishonea ua la kitambaa la kubandika kifuani, dada wa maua. Nilipanda nalo.

Nilikuwa nimeandika ushuhuda kwenye karatasi. Sikuusoma. Nilisema kazi niliyopewa na Mungu ilikuwa kulima bangi ya dawa, kwa leseni, na niliionea haya, na ndiyo maana hawakuwahi kuniona vizuri kwenye simu. Kuna mtu alicheka akidhani ni utani, akaacha. Nilisema wakati tunaombea watu kazi, mwanga wa simu yangu ulikuwa unamnyang'anya mtu yake. Nikataja jina lake, Séverin, nikalirudia, nikasema alikuwa ni nani na alifanya nini kwa miaka minne. Nikasema ndugu yangu anaitwa Lennox, mama yetu ni mmoja, ni mgonjwa wa akili, na mtu yeyote aliyeniuliza kama nina ndugu wa kuombewa nilimdanganya.

Hakuna aliyesema amina. Mtoto mmoja aliangusha kijiko. Niliteremka.

Achieng hakunitazama wakati wa chakula, na wanawake wawili walihamisha mikoba yao kutoka kwenye kiti kilichokuwa karibu yangu. Nilistahili. Ila nilipokuwa naosha sufuria, Achieng alikuja akasimama kando, akakausha vifuniko viwili. Halafu akaniuliza Séverin inaandikwaje. Alikuwa na kalamu. Shemeji yake ana bustani ya miche huko Solihull na anatafuta mtu anayejua mbegu. Nikaandika, na nambari ya simu chini yake. Sijui kama atapiga, wala kama Mzee atapokea. Lile ua la kitambaa nililiacha juu ya meza, na sikuona nani alilichukua.

Jumatatu, 10 Novemba

Sina mahali pa kwenda leo. Nimepiga simu nyumbani. Mama alipokea, akaanza habari za magoti. Nikamwomba nimsalimie Lennox. Nikasikia viti vinavutwa. Ni miaka sita tangu nimwombe hivyo.

Alipumua kwenye simu kwanza, kama anavyofanya. Akaniuliza kama ni mimi kweli au ni redio. Nikasema ni mimi, Zilpah. Akauliza kama huku kuna baridi. Nikasema kuna baridi. Akauliza nafanya kazi gani.

"Nilikuwa nalima bangi, Lennox."

Alicheka sana, mpaka nikasikia mama akimuuliza kuna nini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tukiwa na kitanda kimoja. Nikangoja amalize. Nilitaka kumwambia habari ya siku ile ya sinia, nilikuwa nimejiandaa, maneno yalikuwa mdomoni.

Akauliza kama ilikuwa inamea vizuri.

"Ilimea vizuri sana," nikasema. "Nikaiharibu mimi."

"Pole, dada," akasema Lennox.